Aliyeliliwa Angali Hai

Mwanamke ambaye Goma nzima ilimlilia Jumamosi alikufa Jumatatu. Inspekta Kaswera aliipata habari hiyo Jumanne asubuhi kutoka kwa mlinzi wa chumba cha maiti, mtu aliyezoea wafu kama wengine wanavyozoea majirani, na ambaye siku ile alikuwa akiongea kwa kunong'ona.

"Mama Inspekta, huyu si Dancille. Batu baliomuleta balisema ni Dancille, lakini mimi nilimuona ku televizyo. Huyu ni mama ya Umwiza. Ule balisema alizikwa."

Kaswera akafunua shuka. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, amekondeana kwa njaa ya vita, ndewe ya sikio la kushoto ilichanika zamani ikapona vibaya. Inspekta akatoa simu, akaitafuta ile picha iliyozunguka mji mzima tangu Jumamosi, akaiweka kando ya uso wa maiti. Ndewe ni ile ile. Kovu la moto chini ya kidevu ni lile lile.

"Nani alimleta?"

"Dereva wa gari nyeupe, jana magaribi. Alisema ni mama yake mukubwa, akatoa ile jina, akaenda. Mimi najua batu banaoleta maiti. Moja analia, mwingine anakasirika, mwingine anauliza bei. Ule aliuliza tu kama mulango inafungwaka na ufunguo."

Hakukuwa na mtu Goma asiyejua habari ya Umwiza. Binti wa kijiji cha Kalengera, mwenye miaka kumi na tisa, aliyekimbia vita ya Rutshuru akapotezana na mama yake njiani, akaishia chini ya hema la plastiki katika kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya. Watu wa kituo cha televisheni cha Télé Mulima walimkuta pale akiimba kwenye foleni ya maji, wakamwingiza katika shindano lao la waimbaji, Sauti ya Mulima, ambalo mshindi wake huchaguliwa kwa kura za simu na kupewa nyumba. Kila Jumamosi alisonga mbele kidogo, lakini si kama Kasereka, kijana wa Butembo mwenye sauti ya kutikisa mabati. Kisha ikaja fainali. Kabla Umwiza hajafungua mdomo, mtangazaji akamshika mkono mbele ya kamera na kumwambia kuwa mama yake, Nyirakamana, amepatikana: alipigwa na bomu njiani, na amekwisha kuzikwa. Shemeji wa marehemu, mzee Havugimana, akapandishwa jukwaani kueleza jinsi alivyomzika kwa mikono yake. Picha ya mama ikajaa ukuta mzima. Na yule mtoto, akitetemeka, akaimba.

Kura zilishuka kama mvua ya Aprili. Kaswera, Mnande wa kuzaliwa kama Kasereka, ambaye wiki zote alimpigia Kasereka, usiku ule alimpigia Umwiza.

"Amekufa na nini, daktari?" aliuliza sasa.

Daktari wa zamu alikuwa tayari ameufungua mguu. "Kipande cha bomu kwenye paja. Si kidonda cha kuua. Kimeoza, sumu ikaingia kwenye damu. Angepasuliwa wiki iliyopita, hata kwa kukatwa mguu, leo angekuwa anakula bugali."

"Bandeji ni safi."

"Safi kabisa. Alikuwa na muuguzi. Hakuwa na mpasuaji."

Kaswera akainua mkono wa maiti. Kucha zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu, mpya, bado inang'aa. Kwenye kidole cha shahada rangi ilikuwa imevuka kando, kama vile mkono ulikataa kutulia. Akageuza kichwa. Nywele zimesukwa mistari midogo midogo, mafuta hayajakauka. Na shingoni, pale gauni lilipoishia, palikuwa na mstari wa poda, juu yake ngozi nyeupe kuliko chini yake.

"Mtu mwenye homa kama hii anaweza kujipaka rangi?"

"Mtu mwenye homa kama hii hawezi kushika kijiko."

"Basi alipakwa." Inspekta aliurudisha mkono chini taratibu. Mwanamke hupambwa hivi kwa sababu mbili: kuolewa, au kuonekana mbele za watu. Na mwenye mguu kama huu haolewi.

Alimwita askari wake na gari likawashwa. Mpaka saa ile mshukiwa alikuwa mmoja. Anayesema amemzika mtu ambaye bado anapumua, ana sababu ya kutaka mtu huyo aache kupumua.

*

Kanyaruchinya waliambiwa kuwa Havugimana alihama. Siku hizi alikuwa na chumba cha mabati Ndosho, na karakana yake ya kuchonga chukudu, ile mikokoteni ya mbao ya magurudumu mawili inayobeba Goma yote mgongoni. Walimkuta ameinama juu ya gurudumu, tezo mkononi, vipande vya mbao vimemjaa ndevuni.

"Papa Havugimana, pole kwa msiba," Kaswera alisema, akaketi juu ya gogo. "Sikuwahi kukupa pole yangu. Shemeji yako ulimzika wapi?"

Mzee akaweka sauti yake sawa. "Kando ya barabara, mama, pale Rugari, chini ya mukaratusi. Nilichimba na mikono yangu. Nikamufunika na kitenge yake ya bluu. Nikamuambia: lala, ndugu yangu, dunia ilikuchokesha." Akapangusa macho kwa mgongo wa mkono wa kushoto, akakohoa.

Ndani ya gari Kaswera alikuwa ameitazama video ya Jumamosi. Maneno yalikuwa hayo hayo. Mkono ulikuwa huo huo. Hata kikohozi kilianguka mahali pale pale.

"Nieleze tena."

Akaeleza tena. Akakohoa tena.

"Vizuri. Sasa nieleze kuanzia mwisho, urudi nyuma. Ulimwambia alale. Kabla ya hapo?"

"Nilimufunika."

"Wakati unachimba, kitenge kilikuwa wapi?"

"Kilikuwa..." Mzee akatazama gurudumu. "Kilikuwa juu yake."

"Basi alikuwa amekwisha kufunikwa. Nani alikusaidia kumshusha?"

"Nilikuwa peke."

"Kule Rugari chini ni jiwe la volkano. Nionyeshe mikono iliyochimba jiwe."

Havugimana akaificha mikono yake mapajani kama mtoto aliyeiba sukari. Ilikuwa mikono ya seremala, yenye sugu na makovu, lakini kucha zake zote nzima.

"Nani alikufundisha kukohoa, papa?"

Mzee akashika tena tezo yake. Kaswera akaona kuwa hapa hapana haja ya kuzunguka. "Nyirakamana amekufa. Jana. Nimetoka kumwona sasa hivi."

Tezo ilimponyoka ikamwangukia mguuni. Hata hakuitazama.

"Amekufa? Haiwezekane. Lakini kesho..."

"Kesho kuna nini?"

"Kesho njo siku ya muujiza," mzee alisema, na mdomo wake ukabaki wazi.

Hii haikuwa sauti ya kufundishwa. Mshukiwa wake wa pekee alikuwa analia mbele yake machozi ya kweli, kamasi zikimchuruzika, na hapakuwa na kikohozi.

Habari ilitoka vipande vipande. Bomu liliwakuta karibu na Rugari, ni kweli. Nyirakamana alipigwa pajani. Havugimana alimlaza juu ya chukudu, akamsukuma mpaka Goma akipumzika kwenye vilima tu. Alimwingiza katika dispansari moja hapa hapa Ndosho, kisha akakimbia Katindo, kwenye nyumba walikowekwa waimbaji, kumwambia Umwiza kuwa mama yake yu hai. Getini alipokelewa na Julien, bwana mkubwa wa shindano.

"Alinikumbatia, mama. Alilia na mimi. Akasema: muzee, Mungu amekutuma. Akasema mutoto asijue kwanza. Siku ya posho, hii Jumamosi, tutasema mama alikufa, mutoto atashinda. Kisha siku ya tatu, Jumatano, mama ataingia pale mbele ya batu yote, muzima, na dunia itaanguka chini. Halafu bateremushe mama Kinshasa kwa operasyo kubwa, gari, ndege, yote yao."

"Na Nyirakamana alisemaje?"

"Alicheka. Alisema: nimekimbia kifo tangu nikiwa musichana, sasa bananipa kifo ya siku ine tu, na mutoto anapata nyumba. Nitakataa juu ya nini?"

*

Dispansari ilikuwa nyumba ya mbao yenye vitanda sita, nyuma ya kinu cha mahindi. Muuguzi Annonciata alikuwa mwanamke mnene wa sauti ndogo, na alipoliona gari la polisi alivua aproni yake, akaikunja, akaiweka juu ya meza kama mtu anayekabidhi ufunguo wa nyumba.

"Nilikuwa nabangojea," alisema.

"Alilala kitanda gani?"

Annonciata hakuonyesha kitanda. Alifungua mlango wa stoo. Kati ya madebe ya dawa ya kuoshea sakafu na magunia ya unga palitandikwa godoro moja. Hapakuwa na dirisha.

"Kule mbele kuna televizyo, na bagonjwa yote balikuwa banafuata shindano. Bwana Julien alisema asionekane. Alikuja yeye mwenyewe na mutu wa kamera, bakamupiga picha, ile baliweka ku ukuta. Balimuambia afikirie siku nzuri. Akafikiria, akatabasamu."

"Jumamosi alikuwa hapa wakati Goma inamlilia?"

"Hapa." Muuguzi aligonga ubao wa ukuta. "Upande huu yeye, upande huu bagonjwa banalia juu yake. Niliingia kumutazama. Alikuwa anacheka, mukono mu mudomo, asisikike. Alisema: 'Annonciata, sikia mutoto wangu anavyoimba. Kama ningejua, ningekufa zamani.' Kisha akaacha kucheka. Akaniomba nirudilie wimbo ku simu. Nikarudilia. Akaniomba tena."

Kaswera alisimama pale mlangoni akitazama godoro. "Mguu ulianza kunuka lini?"

"Mbele siku ya posho ifike. Nilimupigia Bwana Julien. Nilisema mama huyu anahitaji hospitali kubwa, leo, si kesho. Alisema: hospitali kubwa kuna batu elfu, nusu saa haijamalizika, picha yake iko ku simu zote. Mupe dawa ya nguvu. Nilisema dawa ya nguvu imekwisha. Alisema: musimamishe mpaka siku ya tatu."

"Kwa nini hukumpeleka wewe? Hapa na barabara ni hatua chache."

"Alikataa yeye!" Kwa mara ya kwanza sauti ndogo ile ilipanda. "Nilimushika mukono, nikamuitia chukudu. Akashika mulango. Balimuambia kama ataonekana muzima mbele ya siku, mutoto atafungwa. Eti mwizi wa kura za batu. Atafungwa gereza ya Munzenze. Mama gani atatoka hapo? Uniambie wewe, mama Inspekta, ungetoka?"

Kaswera akageuza swali. Aliuliza kuhusu nywele.

Annonciata akaketi juu ya gunia. "Siku ya yenga, ile Jumapili, kisha misa, gari nyeupe ikafika. Nilikimbia nje. Nilisema: Mungu mukubwa, banakuja kumuchukua, roho imebaingia. Nilikwisha hata kufunga kikapo yake. Bakashuka basichana babili na sanduku. Walikuwa basusi. Balimukalisha pale, mumoja anamushika kichwa asianguke, mwingine anasuka. Alikuwa anatetemeka mpaka meno. Aliniomba kioo."

"Alisema nini alipojiona?"

"Alisema anapendeza. Jana asubui akaacha kuzungumuza. Mbele ya saa sita akaenda. Nikamupigia Bwana Julien. Aliuliza kitu moja tu: nani mwingine anajua."

Inspekta alifunga mlango wa stoo. Bomu lilimjeruhi Nyirakamana, na mkono uliolirusha hautaonekana kamwe katika kituo chochote cha polisi. Lakini aliyejua kuwa mguu unaoza, akamzuia mgonjwa kwa tishio asifike kwa mpasuaji, kisha akampeleka chumba cha maiti kwa jina la bandia, huyo alikuwa na jina, na anwani yake ilikuwa Katindo.

*

Nyumba ya waimbaji ilitazamana na ukuta wa kambi ya jeshi. Getini palikuwa na kundi la watu, wanawake wengi na watoto migongoni, wakingoja kumwona mshindi akitokea dirishani. Ukutani lilining'inia bango jipya: KESHO, MUUJIZA. USIKOSE. Kaswera akalipita bila kugeuza kichwa.

Julien aliwapokea ofisini chini, mbele ya ukuta wa skrini ndogo. Mtu wa miaka thelathini na mitano, shati jeupe, macho mekundu ya asiyelala. Hakukana kitu. Hilo ndilo lililomsumbua Kaswera tangu mwanzo wa mazungumzo.

"Nani alimuua, madamu? Mimi nina bomu?"

"Bomu lilimpa kidonda. Wewe ulimpa stoo."

"Nilimulipia dispansari. Chakula. Muuguzi. Mbele yangu nani alimulipia? Uende Kanyaruchinya uhesabu wale wenye bidonda. Goma ina bajeruhi kuliko mawe. Mujeruhi anaomba, na mutu akiombwa anazima televizyo. Marehemu haombi. Marehemu anapendwa."

"Na aliyefufuka?"

"Aliyefufuka," Julien alisema, na uso wake ukaangaza kidogo, "anaangaliwa mpaka Kinshasa. Ingekuwa kitu kizuri, madamu. Nakuapia. Mama angeingia kutoka giza, mutoto amegeuka mugongo, anaimba. Na ningemutuma kwa operasyo. Kwa kweli ningemutuma."

"Uliambiwa kabla ya Jumamosi kwamba hatafika."

"Niliambiwa ni mugonjwa. Banyarutshuru ni bagumu. Nilifikiri atafika."

"Ulimtishia kwamba binti yake atafungwa Munzenze."

Julien akaanza kupanga upya karatasi za mezani.

"Umwiza anajua nini?"

Julien akajifuta uso kwa viganja. "Anajua mama eko muzima. Nilimuambia siku ya posho, kisha emisyo ya televizyo kwisha, juu alitaka kujiua. Anangojea kesho. Hajui ya jana." Akainua macho. "Nifunge, madamu. Sitakimbia. Lakini nani atamuambia ule mutoto? Mimi siwezi. Miguu inakataa. Eko juu, chumba ya mwisho."

Kaswera alitazama skrini zilizokuwa ukutani. Ndani ya nyumba ile kila chumba kilikuwa na kamera yake, kwa kuwa watazamaji walipenda kuwaona washindani wakipiga mswaki. Skrini zote zilikuwa nyeusi.

"Kamera zimezimwa?"

"Shindano limekwisha, madamu. Byote bimezimwa."

Akamwacha askari wake pamoja naye, akapanda ngazi.

Umwiza alikuwa ameketi kitandani akijaribu viatu. Kando yake palikuwa na vitenge viwili vya rangi moja, vimekunjwa kwa uangalifu, kimoja juu ya kingine. Alipoona sare ya polisi alishtuka, kisha akainuka, akafunga mlango, akanong'ona kwa furaha ambayo hakuweza kuificha.

"Mama, munakuja juu ya mama yangu? Mimi najua. Lakini ni siri, tafazali, musiseme kwa batu. Mpaka kesho tu."

"Unajua nini, mutoto wangu?"

"Eko muzima! Eko Bukavu, kwa masista, banamutunza muguu. Kesho atapanda boti. Papa Julien alinikataza kwenda. Nilitaka kukimbia ku porti hiyo siku hiyo. Alisema kama naharibu, batu batasema tuliiba kura zao, na mama atafungwa Munzenze." Akagusa kitenge cha juu. "Hiki ni chake. Nilichagua jana. Alipendaka rangi ya majani."

Kumbe tishio lilikuwa moja. Julien alifunga milango miwili kwa kufuli moja, mama huku na mtoto kule, na kila mmoja akakaa kimya ili kumwokoa mwenzake.

Kaswera alikuwa amewapa watu habari za vifo miaka mingi. Alijua namna ya kuanza. Siku ile akaanza vibaya, kwa sababu uongo ule ulimchoma na alitaka kuuondoa kwanza.

"Umwiza, mama yako hakuwa Bukavu. Alikuwa hapa Ndosho."

"Ndosho?" Uso wa binti ukafunguka wote. "Ndosho hii? Ya kwenda na miguu?" Tayari alikuwa ameinama kutafuta kandambili chini ya kitanda. "Basi twende, mama! Twende mbio, tutarudi mbele bajue!"

Inspekta alimshika mabega yote mawili, akamsimamisha. Kwa kile kitambo kidogo binti aliendelea kutabasamu.

"Amekufa, mutoto wangu. Jana. Ule muguu."

Umwiza hakupiga kelele. Kandambili moja ilikuwa mkononi, na aliendelea kuishika kama mtu aliyesahau inavaliwa wapi.

"Walisha kuniambia hivyo siku ya posho," alisema polepole. "Ilikuwa uongo."

"Nimemwona kwa macho yangu."

"Ku sikio..."

"La kushoto. Limechanika."

Binti aliteleza chini ukutani mpaka sakafuni, Kaswera akateremka pamoja naye. "Jana mimi nilikuwa nachagua kitenge," alisema. Baadaye akasema, "Na miguu tu. Ningefika na miguu tu." Na baadaye tena akauliza kama mama alimsikia akiimba. Kaswera alimwambia ukweli: alimsikia, kupitia ukuta wa mbao, akacheka, akaomba wimbo urudiliwe. Binti akalala ubavu sakafuni, akageukia ukuta.

Ndipo Kaswera aliposikia mlio mdogo sana, kama wa mdudu. Akainua kichwa. Kwenye pembe ya dari, kamera ilikuwa inageuza shingo yake polepole, ikimfuata Umwiza kule chini alikolala.

Alishuka ngazi mbili mbili.

Skrini moja ilikuwa imewashwa. Mbele yake alikaa Julien, vipokea sauti masikioni, kidole juu ya kitufe cha kuzungushia kamera. Alikuwa analia. Hakuwa anaigiza; shati lilikuwa limelowa. Nyuma yake alisimama askari wa Kaswera, bunduki imening'inia ovyo, naye machozi yakimteremka, hawezi kuondoa macho pale.

Julien hakugeuka. "Ulimuambia Ndosho kwanza, madamu," alisema kwa heshima, kama fundi anayemsifu fundi mwenzake. "Ile furaha kwanza. Mimi nisingeweza kuipanga hivyo."

Kaswera alimng'oa vipokea sauti, akamsukuma uso juu ya meza, akamtia pingu kwa nguvu kuliko sheria inavyoruhusu. Akamsomea makosa yake moja baada ya jingine: kumnyima msaada mtu aliye hatarini, kutishia, kuficha maiti kwa jina la uongo. Kisha akazing'oa nyaya zote, akachukua mashine iliyohifadhi picha, akampa askari wake aibebe. Askari hakuthubutu kumtazama.

"Picha imekwenda, madamu," Julien alisema akiwa bado amelala juu ya meza. "Inaendaka palepale ku studio. Si mimi, ni mashine."

"Studio nitaifunga leo."

"Utafunga. Lakini kuna simu mingapi Goma?"

Kaswera akamwinua kwa pingu. Alipogeuka, Umwiza alikuwa amesimama mwisho wa ngazi, peku, vitenge vyote viwili kifuani.

"Munipeleke kwake," alisema.

Hapakuwa na mlango mwingine. Walitokea getini, Julien mbele na pingu zake, askari na mashine, Umwiza na Inspekta nyuma. Kundi likanyamaza kwanza, halafu likamwona binti, na Julien akasahauliwa papo hapo. Simu zikapanda hewani. Watu walikuwa wakimwita, wakimgusa nywele, wakimpa watoto awashike. Mama mmoja wa makamo, mtoto mgongoni, alipenya chini ya mkono wa Kaswera, akamkamata Umwiza vidole, uso wake umejaa huruma.

"Pole, mutoto. Pole sana. Siku ya posho tulimulia mama yako avenue nzima, mpaka asubui hatukulala."

Umwiza hakuvitoa vidole vyake.

"Mulimulia mapema, mama," alisema. "Muanze sasa."